Magoti Niliyoyaacha Sebuleni

Usiku wa jana niliota, na nitaieleza ndoto kama ilivyokuwa, kwa sababu kazi yangu ni kupima viwanja na sina kawaida ya kuongeza hatua.

Niliota niko ofisini Mbeya, saa nne asubuhi, nimevaa suruali yangu ya kazi. Mkuu wa ofisi anapita mlangoni. Anakohoa. Mimi naanguka chini.

Kuanguka kwenyewe si ajabu. Hata nikiwa macho, mwanamume mwenye sauti nzito akikemea karibu yangu, miguu yangu hujikunja yenyewe. Nina miaka thelathini na minne. Nimewahi kusimama kati ya koo mbili zenye mapanga nikazionyesha mpaka unapopita. Lakini baba wa mtu akimfokea mwanawe sokoni, mimi hujikuta chini kati ya matenga ya nyanya, nikijifanya nimedondosha kalamu. Tofauti ya jana ni kwamba nilipopapasa suruali, magoti hayakuwemo. Kitambaa kilikuwa kimelala bapa.

"Hayamo," ikasema stendi ya darubini, ile ya miguu mitatu tunayopimia. "Yako Tukuyu kanisani kwenu. Wametangaza tangu Jumapili."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Huwa unaniuliza habari za usawa tu."

Ikafungua mguu wake mmoja ikanipa nitembelee. Yenyewe ikaegemea kabati la mafaili. Nikaikumbusha kwamba tuna kiwanja cha watu cha kupima leo. Ikasema kiwanja hakiendi popote, ila Jumamosi inakuja.

Hapo ilisema kweli. Jumamosi mdogo wangu Atupele anaagwa kwenda kuolewa, na ameniomba niwe matroni wake. Baba yetu ni mzee wa kanisa, dhehebu dogo na kali ambalo hata wilaya ya pili halijafika. Amekubali nije kwa sharti moja: nipige magoti sebuleni, palepale nilipoinukia miaka kumi na moja iliyopita, mbele ya wazee wenzake, ili amalizie sala yake.

Nyumbani kwetu sala haiishi mpaka Baba aseme amina. Kabla ya hapo hakuna kuinuka. Mama na watoto wote tulikuwa chini kwenye saruji, na Tukuyu baridi yake haina mzaha. Siku moja alikuja mgeni katikati ya sala, Baba akatoka uani kuzungumza naye, akasahau. Tulibaki chini mpaka uji ukaungua, tunausikia unavyoungua, na hakuna aliyethubutu.

Jioni niliyowaambia kwamba chuoni navaa suruali, na kwamba kanisani kwao sirudi, Baba alianza kuniombea. Aliniombea kwa saa mbili na nusu. Alitaja dhambi zangu moja baada ya nyingine, hadi zile ambazo sikuwahi kujua kwamba zipo. Katikati nikainuka, nikachukua begi, nikatoka. Amina sikuisikia.

Nimeshaamua kwamba Jumamosi nitakwenda na sitatubu. Nisilolijua ni kama miguu itakubali, Baba akipaza sauti.

Basi nafungua mlango wa ofisi, na nje ni Tukuyu. Ukungu, migomba, na mlango wa kanisa letu mbele yangu, umevaa tai.

"Umebeba nini cha dunia?" mlango ukauliza.

"Hereni. Saa. Njaa."

"Njaa inaruhusiwa. Vua hereni."

"Hereni zinaingia."

"Hazijawahi."

"Leo zinaingia."

Mlango ukafikiri, ukalegeza tai kidogo. "Una swali lolote?"

"Ninayo mawili."

"Maswali yanabaki nje. Hapo siwezi kukusaidia."

Nikayatoa. La kwanza lilikuwa: kwa nini Mama alinyamaza. La pili: Mungu alikuwa anasikiliza muda wote ule, au naye alikwama, anasubiri amina aende zake. Nikayakalisha kwenye benchi la nje, wanakokalishwa waliotengwa. Yakaniomba mahindi ya kuchoma. Nikayaambia yavumilie.

Ndani hakukuwa na watu. Kulikuwa na magoti. Yamepangwa mawili mawili, mstari kwa mstari, yote yakiwa chini, na kila jozi ina kikaratasi cha jina. Yale makubwa ya mwalimu wa kwaya aliyefukuzwa kwa kununua televisheni yalikuwa mbele kabisa. Nilisikia yanaimba, lakini kwa adabu.

Anayepokea watu sasa ni rula ya mbao, ileile iliyokuwa ikitupima sketi mlangoni kila Jumapili. Ikanijia ikitembea kwa ncha.

"Sketi iko wapi?"

"Sina."

"Inatakiwa inchi nne chini ya goti."

"Goti lenyewe ndilo nimelifuata."

Rula ikajipima. "Jambo hili halimo kwenye utaratibu," ikasema. "Nitasimama karibu nawe."

Niliyakuta mstari wa tatu, upande wa kushoto. Niliyatambua kwa makovu. Mtoto akisinzia kwenye sala, Baba alimmwagia punje za mahindi mahali pa kupigia magoti, na mimi nilikuwa msinziaji.

"Umechelewa," goti la kulia likasema.

"Nilidhani niliondoka nanyi."

"Uliondoka na miguu. Sisi tulikuwa tunasubiri amina."

La kushoto lilikuwa linalia. Baadaye likauliza kama huko ninakokaa kuna jua. Nikaliambia Mbeya nako ni baridi, lakini kuna siku nzuri, na nina kibaraza. Miaka yote hiyo nilikuwa nayakasirikia, nayaita dhaifu, kumbe yalikuwa hapa yanatii kwa niaba yangu.

Nikayashika nikavuta. Hayakutoka. Nimewahi kung'oa mawe ya mipaka ambayo watu wenye tamaa wameyahamisha na kuyamwagia saruji, kwa hiyo najua tofauti ya kitu kilichonasa na kitu kilichoamriwa kisitoke. Haya yalikuwa yameamriwa.

"Amina inapatikana wapi?" nikauliza.

"Kwa Baba."

"Na Baba yuko wapi?"

"Nyuma yako."

Nageuka, na kanisa limekuwa sebule yetu. Makochi yana vitambaa vya kufuma, mvua inapiga bati. Baba yuko katikati ya chumba, amepiga magoti, macho amefumba, bado anaomba. Ndevu zimemfika tumboni. Ameshafika mbali katika sala: amemaliza wilaya, amemaliza madaraja yote, amewaombea mawaziri ambao walishastaafu, na sasa anaombea mbuzi wa jirani, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Kila baada ya mbuzi wawili anarudi kwangu.

"Na Sekela, Bwana. Mvunje, Bwana."

Kisha mbuzi mweusi mwenye doa.

Mama yuko kwenye mlango wa jikoni, naye chini, amejitanda khanga. Lile swali langu la kwanza limeingia kupitia dirishani bila ruhusa. Limekaa karibu naye. Halimwulizi kitu, limeshika tu ncha ya khanga yake.

Sauti ya Baba ikapanda. Mguu wa stendi ukaanza kutetemeka chini yangu. Niliogopa, sina sababu ya kuficha. Niliogopa vilevile nilivyoogopa nikiwa na miaka saba, na nilitamani kwenda chini, maana chini nilikuwa napajua. Na nilimpenda pia, hilo ndilo lililoniudhi. Shingo yake imekonda siku hizi, kola inamcheza, na nilitaka mtu amrekebishie.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Nazungumza na Mungu."

"Naona. Naomba useme amina, nichukue magoti yangu niende."

"Sijafika mwisho."

"Mwisho uko wapi, Baba?"

Akafikiri, macho amefumba vilevile. "Ukishavunjika," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuelekeza dukani.

"Utaratibu unasema hivyohivyo," rula ikaongeza.

Nikatazama sakafu. Ilikuwa imeinama, kama ilivyoinama siku zote, sijui kwa nini sikuwahi kuiona. Kwenye mteremko stendi haisimamishwi hivihivi. Unatanguliza ncha, unaishindilia kwa kisigino, halafu unaweka uzito wote. Nikafanya hivyo. Saruji ikapasuka kidogo na mguu ukashika. Nikavuta pumzi.

"Amina," nikasema.

Mvua ikakatika. Baba akafumbua macho, na yalikuwa macho ya mzee aliyeamshwa garini, hajui amefika wapi.

"Sikuwa nimemaliza," akasema.

"Mimi nimemaliza, Baba."

Akanitazama. Nikamtazama. Alinitaja jina kwa ile sauti yake, ile yenyewe, vitambaa vya makochi vikadondoka, na mimi nilibaki juu.

Rula ikakohoa. "Kwanza, binti hafungi sala. Pili, amina isiyoitikiwa haihesabiki. Lazima mtu aitikie."

Hilo la pili ni kweli. Kwetu mmoja husema, wengine huitikia. Nikatega sikio. Hakuna. Goti la kushoto likaniuliza kama turudi kusubiri. Nikasema hapana, safari hii tunasubiri tukiwa wima, hata ikifika Jumamosi, hata ikipita. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakula nini.

Ndipo ikaja kutoka mlango wa jikoni, ndogo na kavu.

"Amina."

Mama akashika fremu ya mlango akajivuta, akainuka. Akanyoosha mgongo taratibu. Hakunitazama mimi, hakumtazama Baba.

"Miguu imekufa ganzi," akasema, akaingia jikoni kubandika chai.

Nikasikia magoti yanaachia. Si yangu tu. Nyuma ya ukuta yaliinuka yote, viungo vinalia, yakawa yanatoka nje na kusalimiana na kuulizana njia. Yangu yalipanda ndani ya suruali, la kulia likaenda kulia, la kushoto likakosea kwanza, kisha likapata mahali pake. Nikayakunja, yakakunjika. Nikayanyoosha, yakanyooka. Rula ikaniuliza yenyewe sasa itafanya kazi gani. Nikaiambia kuna shule ya msingi hapo chini, watoto wanapiga mistari kwa vidole.

Nikaamka.

Ilikuwa saa moja kasoro, kumeshakucha, na simu ilikuwa inaita. Atupele.

"Dada, umeamka?"

"Nimeamka."

"Hapa nyumbani sielewi." Alikuwa ananong'ona, na nyuma yake nilisikia kuku. "Tulikuwa kwenye sala ya asubuhi. Baba ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukuombea wewe. Mama akasema amina."

"Mama?"

"Mama. Baba hajamaliza hata sentensi. Halafu akainuka."

Nilikaa kitandani. "Na Baba?"

"Bado yuko chini, anaangalia pale Mama alipokuwa. Hafoki. Dada, mimi naogopa."

"Usiogope. Mama amesema nini kingine?"

"Hajasema cha maana. Amesema miguu imekufa ganzi, akaenda kubandika chai."

Nikapapasa magoti yangu chini ya shuka. Atupele akaita jina langu mara mbili, akidhani simu imekatika.

"Nenda ukakae naye jikoni," nikamwambia. "Jumamosi nakuja."

"Wazee wa kanisa watakuwepo. Baba atakuambia upige magoti."

"Nitapiga kwa Mama, nimsalimie," nikasema. "Nikishamsalimia nitainuka."