Hesabu ya Ruhusa

Nilimwomba Mwalimu Absalom ruhusa ya kuvuka kwa feri kwenda Timbwani kumzika bibi yangu.

"Bibi huyo mbona hachoki kufa?" akauliza. Darasa likacheka. Muhula uliopita nilikuwa nimeshamuua mara mbili, Mungu anisamehe, nipate kuogelea Nyali. "Haya, fanya hii kwanza."

Akaandika ubaoni: 3 × 10⁴ zidisha kwa 2 × 10⁵.

Kwa kawaida ningezidisha hata vipeo, makusudi, nipate 6 × 10²⁰, wenzangu wavunjike mbavu. Safari hii nilizidisha 3 kwa 2, nikajumlisha vipeo, nikaandika 6 × 10⁹. Mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Wenzangu walingoja mzaha, sikuwa nao.

Mwalimu aliitazama hesabu, kisha akanitazama mimi.

"Pole, Kitsao," akasema. "Nenda ukamzike."