Swichi ya Ghorofani

Tokuji, mumewe Sumie, alipostaafu kazi ya kiwanda cha vigae alijiundia amplifaya mbili za taa za kioo za kusikilizia santuri. Kila moja ilikuwa na taa nne nene kama chupa za siki, zikiwaka rangi ya kaa. Ziimbe zisiimbe, zilikula umeme uleule, na karibu wote uliishia kuwa joto. Majira ya baridi Sumie hakuwa na neno. Lakini Agosti ya mji wao wa Tajimi haina huruma, na nyaya za nyumba ile kuukuu hazikuweza kubeba amplifaya pamoja na viyoyozi viwili. Kila walipojaribu, swichi kuu iliruka.

"Tumwite fundi atuongezee umeme," Sumie alisema mwaka nenda mwaka rudi.

"Fundi atanitobolea kuta, sauti iharibike," Tokuji alijibu.

Kiangazi kile Sumie alikuwa amepasuliwa goti. Alilala ghorofani, ngazi haziwezi. Jumapili moja mchana wakaja wenzake Tokuji watatu wa chama cha santuri. Tokuji akachungulia mlangoni.

"Mama Chinatsu, wageni wamefika. Tutasikiliza upande mmoja tu."

"Sikilizeni, ilimradi kiyoyozi changu kisiguswe."

"Nani akiguse?"

Haikupita robo saa, kiyoyozi kikazima. Sumie akangoja, wapi. Akaita. Huko chini tarumbeta ilikuwa imepamba moto. Akaita tena, kisha akachukua mkongojo akagonga sakafu.

"Tokuji, mkeo naye anatupigia ngoma!" mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Upande ule ukaisha, ukafuata wa pili, ikafuata santuri nyingine. Shuka likalowa chapachapa. Kisha jasho likakatika, ngozi ikakauka, dari ikaanza kuzunguka. Lau si Bwana Isogai, mmoja wa wageni wale, kupanda kumjulia hali kabla ya kuaga, angekutwa maiti.

Jumanne, kichwa kilipomtulia, alimwona Tokuji kando ya kitanda cha hospitali akimenya peasi.

"Umeme ulikatika, mama Chinatsu. Bahati mbaya tu."

"Ulikatika?"

"Mtaa mzima."

"Na ile tarumbeta mliiwashia kuni?"

Kisu kikasimama. "Nilizima swichi ya juu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni nusu saa tu. Taa zilishapata moto vizuri, na sauti ilikuwa..."

"Ulinisikia nikigonga?"

Tokuji akaitazama peasi. "Nilisikia."

Sumie alikuwa amejiandaa kumsamehe usahaulifu. Alikuwa ameolewa naye miaka arobaini na minne, aliujua. Hili hakuwa amelitengea nafasi moyoni.

Ijumaa binti yao Chinatsu akaja na gari kumchukua mama yake. Tokuji aliwafuata hadi langoni.

"Nimeshamwita fundi. Anakuja Jumatatu."

"Vizuri."

"Utarudi lini?"

Sumie alimwambia binti yake aondoe gari.

Tangu hapo anaishi Nagoya kwa Chinatsu. Tokuji huja kila mwanzo wa mwezi na matunda yaliyofungwa kwa karatasi nzuri. Sumie humkaribisha kwa adabu zote, humwandalia mto wa kukalia wa wageni, humwuliza habari za safari, na ifikapo saa kumi humkumbusha treni yake.