Binti Ekchuali na Mashuka ya Pinki

Pale hotelini kila mtu alimwita Ekchuali, na jina hilo alilipata kwa kosa la kusema kweli. Alikuwa binti wa mapokezi. Siku moja mgeni mmoja mwenye tumbo kubwa alishuka ngazi akidai kwamba kifungua kinywa ni mpaka saa tano. Binti akamwambia kwa adabu zote, akianza na "actually", kwamba jiko hufungwa saa nne, ila atamwombea chai na mayai. Mgeni akacheka, akala, akasahau. Meneja, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango wa ofisi, hakusahau.

Basi sikia balaa. Jumatatu iliyofuata wafanyakazi wote walikusanywa kwenye chumba cha kulia, kabla wageni hawajaamka, wafundishwe Kiingereza. Meneja huyu alikuwa mtu wa kuvaa suti hata jua likipasua mawe, na neno lake la kutembelea lilikuwa "indeed". Mgeni akisema kuna joto, "indeed". Akisema kuna baridi, "indeed". Hoteli ingewaka moto angesema "indeed" kwanza, ndipo atafute ndoo. Asubuhi ile aliyachambua maneno ya Kiingereza kama mtu anayechambua mchele. Haya ni ya kuunga mkono, alisema: "indeed", "in fact", "of course". Hayo ruksa. Na haya ni ya kubisha: "actually", "on the contrary". Hayo marufuku, labda uyatumie nyumbani kwako ukigombana na mumeo.

"In fact," aliwaeleza, kidole juu, "ndiyo 'tena' yetu sisi. Mgeni akisema chumba ni kizuri, wewe unasema in fact, hakuna kizuri kama hiki. Unamwongezea, humpunguzii. Mtu wa chini kazi yake kuongezea. Tumeelewana?"

"Indeed!" wakaitikia wote, wapishi, walinzi, wafagiaji, hata dobi wa hoteli ambaye Kiingereza chake chote kiliishia hapo.

Ekchuali naye aliitikia, lakini kwa kuuma meno. Huyo dobi alikuwa shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akamsomesha kwa mikono iliyochubuka kwa sabuni, akamshika mkono siku ya kwanza kumleta mapokezi na kumwambia, "Ongea na watu vizuri, mwanangu, lakini usijifanye zulia." Sasa kuja kufundishwa na mtu wa suti namna ya kujifanya zulia, kwa Kiingereza, tena mbele ya shangazi mwenyewe! Lilimkaa rohoni.

Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja wa nchi ya mbali, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Wafanyakazi walimwita Mama Miwani, kwa sababu miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi na kila akitaka kuivaa aliitafuta kichwani. Alikuwa haji mara kwa mara. Zilipofika habari kwamba anakuja kesho, meneja alichanganyikiwa. Sakafu zipigwe deki, maua yamwagiwe maji, mapazia mekundu ya chumba cha kulia, mapya kabisa, yafuliwe yatoke harufu ya dukani. Ekchuali ndiye aliyeyabeba mapazia hayo mpaka chumba cha kufulia, meneja nyuma yake akihema kama anayefukuzwa.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, kina joto, kina mvuke, na mashine mbili, moja ikiwa imekufa siku nyingi. Iliyo hai ilikuwa imejaa nusu kwa mashuka meupe, na shangazi alikuwa anapima sabuni.

"Tia na haya," meneja akasema.

"Humu hayaingii, baba," shangazi akamjibu. "Haya ni mapya, yatachuja rangi. Ngoja mashuka yatoke kwanza."

"Hatuna muda. Tia."

"Sitii. Mashuka yataharibika, na nitakayeulizwa ni mimi."

"Nani meneja hapa?"

"Wewe. Na dobi ni mimi."

Loo! Meneja alimnyang'anya Ekchuali yale mapazia, akayasokomeza ndani kwa mikono yake mwenyewe, tai ikiponea chupuchupu kubanwa na mlango, akabonyeza kitufe, akaondoka. Shangazi alikimbilia kile kitufe, lakini mashine ile ikishaanza haisimami wala mlango haufunguki. Wakabaki wawili wanaangalia kwenye kioo maji yakigeuka.

Mashuka yalitoka pinki. Pinki, jamani! Na si pinki moja, bali mabaka mabaka, kama mtu aliyepaka poda akiwa gizani. Shangazi aliyatia dawa, akayachemsha, akayasugua, wapi. Na mashuka ya akiba hayakuwapo, maana meneja alikuwa akisema kila mwezi kwamba yataagizwa. Usiku wa kuamkia ugeni ndiyo hayo yaliyotandikwa.

Mama Miwani alifika, akapanda chumbani, akafunua kitanda. Hakupiga kelele. Alishuka na shuka moja mkononi, akaliweka juu ya meza ya ofisi na kusema anataka kumwona anayefua.

Meneja akamwahi Ekchuali kwenye korido. Alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kope.

"Wewe ndiye utakayetafsiri," alisema kwa sauti ya chini. "Nitasema mimi, yule mama atakuuliza, wewe unaunga mkono. Indeed, in fact, basi. Shangazi yako ameshakuwa mtu mzima, hata akipumzika si vibaya. Wewe bado kijana. Nimekuwa nikikufikiria kwa ile nafasi ya msimamizi wa mapokezi."

"Na nikisema kilichotokea?"

"Basi mtaondoka wawili. Chagua." Akatangulia ofisini.

Tuseme ukweli, binti aliogopa. Alijua nyumbani wanaishi kwa kazi hizi mbili, na zote mbili zikiondoka siku moja hakuna wa kumkimbilia. Shangazi alikuwa anakuja upande ule, anajifuta mikono kwa aproni, na alimtazama usoni mara moja tu.

"Amekwambia nini huyo?"

"Amesema niunge mkono."

"Mimi sitaomba msamaha kwa kosa la mtu," shangazi akasema. "Wanifukuze, nitafua majumbani, mikono ninayo. Lakini nisitoke hapa naitwa mzembe. Hilo jina nikilibeba, sitaweza kulitua." Akaingia ofisini, kichwa juu.

Ofisi ilikuwa ndogo. Mama Miwani alikaa, wengine wote wakasimama, na lile shuka likalala katikati yao mezani kama mshitakiwa. Meneja akaanza. Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi kama suti yake. Alisema mwanamke huyu ni mzembe. Alisema ameyachanganya mapazia na mashuka kwa kutojali, ingawa yeye meneja alimkataza. Alisema si mara ya kwanza. Alisema kwa masikitiko makubwa inabidi aondoke leo.

Alimkataza! Ekchuali aliposikia hilo, hofu yote ilimtoka, ikaingia hasira. Uongo wa kawaida angeweza labda kuuvumilia. Lakini mtu kuchukua maneno ya shangazi, yaliyotoka kinywani mwa shangazi, akayavaa yeye na kumwachia mwenzake aibu!

Mama Miwani akaitafuta miwani kichwani, akaikuta kifuani, akaivaa, akamgeukia binti. Je, ndivyo ilivyokuwa?

"In fact," Ekchuali akaanza.

Meneja akatikisa kichwa polepole, macho ameyafumba kidogo, kama mtu anayesikia wimbo anaoupenda.

"In fact," binti akasema, na Kiingereza kikamtoka bila kukwama, "aliyekataza ni yeye dobi. Aliyeyaingiza mapazia kwenye mashine ni meneja, kwa mikono yake. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeyabeba."

Macho ya meneja yalimtoka. Na sasa hapa ndipo ujue mtu anavyoweza kuponzwa na ualimu wake mwenyewe. Badala ya kusema "mwongo huyu", badala ya kusema "si kweli", alifoka kwa Kiingereza:

"Hapo huwezi kutumia in fact! Nimewafundisha! In fact ni ya kuunga mkono!"

Mama Miwani akamtazama juu ya miwani. "Alipaswa kutumia nini?"

"Actually!" meneja akasema, kidole juu kama siku ya darasa. "Kwa sababu ananisahihi..."

Akajikata hapo hapo, maana anayesahihishwa ni aliyekosea. Kidole kikabaki juu peke yake, hakijui kiende wapi.

"Haya," Mama Miwani akamwambia binti, taratibu. "Sema kama alivyokufundisha."

"Actually," Ekchuali akasema, na safari hii alimtazama meneja, si mwenye hoteli, "actually, ni wewe."

Meneja hakukana. Angekanaje, na neno amempa mwenyewe? Aliteremsha kidole, akajitia kulegeza tai.

Shangazi alikuwa amesimama muda wote huo, Kiingereza kikipita juu ya kichwa chake. Akamvuta binti mkono. "Wanasemaje? Mbona huyu amenywea?" Ekchuali akamweleza kila kitu, kuanzia uzembe mpaka kidole. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaligeukia shuka, akalinyoosha kwa kiganja, mazoea tu ya kazi.

"Mwambie huyo mama nilikataa," alisema. "Tena nilikataa mara mbili."

Ekchuali akatafsiri. Na alipofika kwenye ile "tena" hakutafuta neno mbali. "In fact," alisema, "she refused twice." Hapo meneja hakuwa na la kusahihisha.

Mama Miwani akaivua miwani. Kisha akasema dobi arudi kazini kwake, na kwamba na meneja wataongea baadaye, wawili. Meneja akadakia haraka, akainama kidogo, akaanza kumwomba radhi yule mama kwa Kiingereza cha kunyenyekea mno, pole kwa usumbufu, pole kwa mashuka, pole kwa kutoelewana. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba bovu.

"Anaomba radhi?" shangazi akauliza.

"Anaomba."

"Anamwomba nani?"

"Mama Miwani."

"Huyo kakosewa nini? Ameona shuka la pinki, hajafa. Aliyeitwa mzembe ni mimi. Mwambie aniombe mimi, tena kwa Kiswahili, nisikie kwa masikio yangu."

Binti hakuhitaji kutafsiri hilo. Meneja alilisikia vizuri. Alimtazama mwenye hoteli, akaona hakuna msaada, akamgeukia shangazi, akakohoa.

"Samahani, mama, kama umeudhika."

Shangazi hakutikisika. Mikono ile iliyochubuka aliifunga kifuani.

"Hiyo 'kama' ya nini?"

"Nimesema samahani..."

"Umesema 'kama'. Kwani hujui kama nimeudhika? Hebu iondoe hiyo 'kama', halafu anza upya."

Nje mfagiaji alikuwa ameacha kufagia, maana mlango haukufungwa vizuri na masikio ya watu yana kazi zake. Mama Miwani akamwinamia Ekchuali, akamuuliza kwa sauti ndogo dobi anasema nini, je, ameupokea msamaha?

"Actually, madam," Ekchuali akasema, "anamsahihisha."

Mama Miwani akaegemea kiti chake na kumtazama meneja, kama aliyeamua kusubiri jioni nzima ikibidi.

"Samahani," meneja akasema. "Nimekukosea, mama. Kosa lilikuwa langu."

"Hapo sawa," shangazi akasema. Akalichukua lile shuka mezani, akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka kwapani, akatoka kwenda kufua.