Niligusa Mpira

Jumamosi, kabla timu hazijaanza kupasha misuli, Shug McCrindle aliingia kwenye kibanda cha chai cha uwanja wa Drumbowie, akachagua pai ya nyama, akaichomeka kwenye ncha ya ule mti mrefu wa kuinulia kamba ya nguo, akatoka nayo hadi kona ya upande wa makaburini. Hapo akainua mti. Huko juu hewani, kimo cha magoli mawili yaliyopandana, Eck Purdie aliinama, akaichomoa pai, akaiuma.

"Imepoa," akasema Eck.

"Ilikuwa ya moto ilipotoka."

"Ilipotoka wapi, mochwari?"

Shug alishusha mti, akaifuta ncha yake kwa kitambaa, akaenda kuvaa jezi. Mvua ilikuwa ile ya siku zote, inayonyesha kutoka ubavuni, na mtu wa kukata tiketi alikuwa keshaanza kugombana na watu waliodai kiingilio cha nusu bei cha wazee.

Eck alikuwa pale juu tangu mwaka ule mgodi ulipofungwa. Alikuwa winga wa kushoto wa Carnhill, kijiji cha nyuma ya kilima, na Shug alikuwa beki wa kulia wa Drumbowie. Siku moja ya mwaka huo, timu hizo zikicheza, Eck alimpiga Shug tobo, akapita, kisha badala ya kwenda zake golini kama mtu mwenye akili, akarudi nyuma ili ampige la pili. Hata watu wa kwao walisema hiyo haikuwa adabu. Shug akamwendea na miguu yote miwili, Eck akapaa. Watu walimfuata kwa macho, wakasubiri ateremke, wakachoka. Mchezo wenyewe haukusimama, kwa sababu refa, Bwana Haddow, alikuwa amenyoosha mikono mbele akipaza sauti, "Endeleeni! Amegusa mpira!" Shug, akiwa bado amekaa kwenye tope, aliinua mikono yake kama mtu aliyeelekezewa bunduki, akasema na yeye, "Niligusa mpira." Mpira ulikuwa mbali, kwenye mstari wa pembeni, umetulia.

Hakuna aliyeshangaa sana. Drumbowie ilikuwa na kipa aliyewahi kuota majani mgongoni msimu mzima, wakawa wanamfyeka siku ile ile wanayofyeka uwanja.

Zimamoto walikuja na ngazi, wakamvuta Eck kwa miguu, wakashindwa. Kiongozi wao akasema huyu bwana amekaa vizuri na hana hatari kwa wapita njia. Kamati ya Drumbowie ikamwita Bwana Haddow atoe maelezo. Bwana Haddow alikunywa chai yake hadi tone la mwisho, akasema, "Asiyechezewa rafu hakurushwa. Asiyerushwa yuko chini. Sasa huyo yuko chini, mnaniuliza atashukaje?" Kamati ikaona ni kweli. Ila kwa kuwa Eck alikuwa mchezaji mgeni ambaye hajatoka uwanjani, na kwa kuwa mgeni tangu enzi za mababu hupewa chai na pai, iliamuliwa apewe yake kila Jumamosi. Kazi hiyo akapewa Shug. Mwenyekiti alimweleza kwamba si adhabu, maana hakuna kosa. Ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Shug aliipokea hukumu hiyo akitafuna midomo, kwa maana ugomvi wenyewe ulianzia kwenye pai. Msimu uliotangulia, huko Carnhill, kiwiko cha Eck kilimvunja Shug pua. Alipokuwa akishonwa, wenzake wakakaa kunywa chai, na aliporudi na pua yake ya upande, sahani ya pai yake ilikuwa tupu na Eck alikuwa akijifuta sosi kidevuni. Pua Shug alisamehe siku ile ile. Pua ni mchezo. Pai hakusamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mwenye njaa ndiyo kabisa.

Basi wakaishi hivyo. Mpira ukimgonga Eck, refa anaudondosha, wanaugombea upya. Mwanzoni alikuwa akipiga vichwa kwa makusudi na aliwahi kuwafungia Carnhill bao safi, likakataliwa kwa kuotea. Mkewe, Senga, alikuja na basi katikati ya wiki kumletea soksi kavu, na siku za baridi kali, kofia. Eck aliomba tupa ya kunolea njumu, na Shug ndiye aliyempandishia. Tangu hapo, mechi ikipoa kidogo, watu walisikia kule juu: kwii, kwii, kwii.

"Siku nitakayoshuka, Shug McCrindle," Eck alikuwa akisema, "utajua kwa nini mama yako alitaka ucheze filimbi."

"Shuka basi. Nani kakushika?"

"Sema ukweli uone."

"Niligusa mpira."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Walisalimiana hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi hadi mmoja akapata upara na mwingine akaharibika magoti.

Magoti ya Shug yalifika mahali daktari aliyashika, akayaachia, akanawa mikono. Kamati ikatangaza kwamba mechi ya Carnhill itakuwa ya mwisho kwake. Shug alikuwa na haja moja tu. Babu yake, beki wa kulia wa Drumbowie, alitolewa uwanjani kwa toroli, tena likisukumwa na wapinzani. Baba yake, beki wa kulia wa Drumbowie, alitolewa amelazwa juu ya mlango wa choo. Shug alitaka kutoka kwa miguu yake mwenyewe. Atembee hadi kwenye mstari, awapungie watu mkono, akanywe chai. Aliliwaza jambo hilo akiwa kitandani na machozi yakamlengalenga.

Habari zikamfika Eck juu.

"Eti unastaafu?"

"Jumamosi ijayo."

"Na mimi je?"

Shug alisimama na mti wake mkononi. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Miaka yote hii nanoa njumu," Eck akasema, "halafu wewe ukae jukwaani na koti na chupa ya chai? Nitakushukiaje huko? Kumkanyaga mchezaji ni mpira, Shug. Kumkanyaga mtazamaji ni polisi."

"Si kosa langu, Eck. Ni magoti."

"Magoti! Mimi nina magoti mazima kama ya mtoto, hayajakanyaga kitu tangu mgodi ufungwe. Nimeyatunzia nani?"

Jumatano, Senga Purdie akabisha mlangoni kwa Shug, koti limelowa, fungu la soksi kwapani. Alikataa kiti.

"Shug, mimi sina maneno mengi. Mimi si mke, si mjane. Nikiingia kanisani sijui nikae na akina nani. Wenzangu wanalala na waume zao, mimi wangu namwanika."

"Pole, Senga."

"Pole siivai. Sema ile rafu, ashuke, aje anisumbue nyumbani kama wanaume wengine. Paa linavuja, na yeye anaishi juu kuliko paa."

"Niligusa mpira."

"We Shug! Mimi nilikuwepo. Nilisimama kwenye mstari, na huo mpira ulikuwa hapa, kwenye kiatu changu cha kushoto. Uliugusaje, kwa posta?"

Shug aliona haya, na haya ile ikamfanya mkali. Alimwambia kwamba wanawake wa Carnhill hawajui sheria za mpira, na chai inamsubiri, na usiku mwema. Ilikuwa saa kumi jioni. Senga aliweka kola yake sawa, akaondoka. Shug alikaa mbele ya chai iliyomshinda kuinywa, akalitazama goti lake la kushoto, kisha la kulia, na hakuna lililomwunga mkono.

Jumamosi ikafika. Bwana Haddow, aliyekuwa bado refa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka Drumbowie, alisafisha miwani yake, akapuliza kipenga. Mechi ilikwenda vizuri kuliko Shug alivyotarajia. Winga wa Carnhill alikuwa mnyonge, tena wa kuogopa tope, na Shug alimkaba kwa kumtazama tu. Watu wakaimba jina lake. Zilipobaki dakika chache, mpira ukiwa upande wa pili, alijikuta kwenye kona ya makaburini, ameshika magoti, anahema.

Aliinua uso. Alitegemea matusi. Lakini Eck hakuwa akimtazama. Alikuwa amegeukia kilima, kule ambako mtu aliye juu huona moshi wa nyumba za Carnhill. Soksi yake ilikuwa na tundu kisiginoni. Hakuwa akinoa kitu.

"Umecheza vizuri leo," Eck akasema. "Nenda kapumzike, Shug."

Hapana mtu wa Carnhill aliyewahi kumwambia Shug neno kama hilo. Lilimwingia kifuani likamwuma kuliko magoti yote mawili. Akamwona Eck, upara wake na mvua inavyouteremka, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba Jumamosi ijayo mtu mwingine ndiye atakayeinua ule mti, na yeye Shug hatakuwa na mtu wa kugombana naye duniani.

"Eck," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Sikugusa mpira."

"Sema tena."

"Hata sikuuona. Nilikuona wewe na pai yangu."

"Nilijua," akasema Eck, akashuka.

Alishuka miguu ikiwa mbele, yote miwili, njumu zinang'aa. Shug alipata nafasi ya kusogea. Lakini yeye alikuwa beki wa kulia, mwana wa beki wa kulia, na miguu ya watu hao haina desturi hiyo. Ulisikika mlio kama wa mtu kuvunja kabichi. Wachezaji walipogeuka, Eck alikuwa amekaa kwenye tope na Shug yuko juu, karibu pale pale, amechuchumaa hewani, ameshika goti.

Eck akainua mikono yake miwili. "Niligusa mpira!"

Drumbowie walilipuka. Watu wale wale waliokunywa chai miaka yote chini ya soksi za Eck walidai kadi nyekundu, walidai polisi, walidai haki. Mtenda akitendewa huona kaonewa. Nao Carnhill, waliokuwa wakilia rafu tangu mgodi ufungwe, hadi wakaifanya sala, waliapa kwa nguvu zote kwamba kijana wao amegusa mpira, tena safi, tena kwa ufundi. Bwana Haddow alikuwa karibu, hatua chache tu, na miwani yake ilikuwa safi. Alinyoosha mikono mbele.

"Endeleeni!"

Mpira ulikuwa umetolewa muda mrefu. Ulikuwa kwenye mstari wa pembeni, umetulia miguuni pa Senga Purdie. Shug aliuona vizuri, kwa maana kutoka kule juu mtu huona kila kitu.

"Senga!" akaita. "Sema, mama! Uko hapo kwako!"

Senga aliutazama mpira. Akamtazama mumewe pale kwenye tope, anamtabasamia, kapata upara lakini meno yapo. Akausukuma mpira kwa ncha ya kiatu, taratibu, ukaingia uwanjani.

"Ameugusa," akasema.

Kisha akamvika Eck koti, akamshika mkono, na wote wawili wakatoka uwanjani. Eck alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye mstari, akawapungia watu mkono, akaenda kunywa chai.

Kamati ya Drumbowie ilikutana, ikapitisha kwamba Shug hayuko juu. Kuhusu pai kulikuwa na ubishi kidogo, kwani yeye si mgeni, lakini ikaonekana kwamba kila aliye juu ya kona ile ana haki yake. Kazi ya mti akapewa Eck, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Jumamosi iliyofuata Eck akaja, mti mkononi, mvua ubavuni. Akainua. Shug akainama, akaichomoa pai, akaigeuza.

"Imepoa," akasema. "Tena imeumwa."

"Ilitoka hivyo."

Shug aliitazama ile alama ya meno. Aliyafahamu meno yale.

"Senga hajambo?"

"Hajambo. Analalamika navuta blanketi."

"Aliuona ule mpira, Eck."

"Nimemuuliza. Anasema hakumbuki."

Shug alikula kilichobaki cha pai, polepole, akalamba vidole. Upande wa Drumbowie alikiona kibanda cha chai na mlango wake ulio wazi, na vikombe vimepangwa, na wazee wanapuliza chai. Karibu kabisa. Moyo ulimwuma, kisha ukatulia.

"Wewe unacheza mpaka lini?" akauliza.

"Magoti yangu mazima. Mpaka mwakani, labda na mwaka wa pili."

"Basi Jumamosi ijayo niletee ile tupa."

Eck aliegemea mti.

"Nitakuletea," akasema, maana hata yeye aliletewa. Akaifuta ncha ya mti kwa kitambaa, akaenda kuvaa jezi.