Macho ya Kuazima

Kampuni ilikuwa na magari saba ya kupeleka wageni mbugani, na gari namba tatu liliendeshwa na mtu mmoja kwa miaka kumi na tisa. Madereva wenzake walimwita Darubini, kwa sababu enzi zake aliweza kumwona chui juu ya tawi wakati wengine bado wanautafuta mti. Jina lilibaki. Macho yaliondoka polepole, kama mgeni asiyependa kuaga, na kufikia mwaka huo kila kilichokuwa mbali zaidi ya hatua arobaini alikiona kama kupitia kioo cha dirisha la bafuni.

Aliyejua ni mtu mmoja tu: mpishi wa gari, kaka wa mkewe, aliyekaa kiti cha mbele kushoto na vyombo miguuni. Walikuwa na mpango wao. Mpishi alipakata mfuniko wa sufuria kubwa, eti usigongane na vyombo vingine, na akimwona mnyama aliugonga kwa ukucha. Mara moja, tembo. Mara mbili, chui. Mara tatu, simba. Akikohoa, mnyama yuko kulia. Asipokohoa, yuko kushoto. Darubini alisimamisha gari, akanyoosha kidole bila haraka, na wageni wakashika vichwa kwa mshangao. Kwa miaka minne wageni walipiga picha na Darubini, na mpishi wakamkabidhi sahani chafu.

Asubuhi ya safari ile bosi alimwita Darubini ofisini kabla hajawasha gari. Bosi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakugombana na mtu. Alihamisha tu watu.

"Baba, wageni wa mwezi uliopita wamelalamika. Wanasema uliwaonyesha kichuguu ukakiita kifaru."

"Kulikuwa na vumbi, mama." Ukweli ni kwamba safari hiyo mpishi alikuwa mgonjwa, amebaki nyumbani.

"Vumbi lipo kila mwaka. Sasa sikiliza. Wageni wa leo ni daktari na mkewe. Likija lalamiko moja tu, utaniachia ufunguo, uhamie kwenye masufuria. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Niitie shemeji yako."

Mpishi alikaa ndani dakika tano. Alipotoka, Darubini alimuuliza wameongea nini.

"Ameniuliza kama gesi inatosha," mpishi alisema, akapanda garini bila kumtazama.

Kutoka mjini hadi lango la mbuga ni mwendo wa saa saba. Darubini aliijua lami kwa mwili: daraja lenye kiungo kinachogonga mara mbili, mteremko unaoziba masikio, matuta matano mbele ya shule. Malori aliyajua kwa ukubwa wa giza lililokuwa likimjia. Mahali pamoja alimpita mtu wa baiskeli karibu mno, mpaka yule mtu akaangukia majanini na baiskeli yake. Mke wa daktari alipiga yowe.

"Amelewa yule," Darubini alisema. "Mapema yote hii, jamani."

Mpishi alifumba macho. Alipoyafumbua, aligeuka nyuma akatazama majanini mpaka kona ikaficha kila kitu.

"Na huyu ni msaidizi wako?" mke wa daktari aliuliza, ili wazungumze kitu kingine.

"Huyu? Shemeji yangu. Nilipooa dada yake nikapewa na yeye, kama ukinunua gari ukapewa na tairi la akiba. Tofauti ni kwamba tairi la akiba siku moja litakufaa."

Wageni walicheka.

"Tunamwita Mfuniko," Darubini aliendelea, kwa kuwa kicheko chao kilimpa nguvu. "Anafunika vizuri sana. Tatizo ndani ya sufuria hamna kitu."

Mpishi naye alicheka. Alikuwa amezoea kucheka.

Saa saba mchana walisimama kando ya barabara kula. Jua lilikuwa kali, na jua kali lilimfungia Darubini hata vya karibu. Daktari, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, alimnyooshea yai la kuchemsha. Mkono wa Darubini ulipita pembeni, ukakamata hewa. Daktari alilisogeza yai kidogo upande wa pili, akasubiri. Mkono ukapita tena. Mara ya tatu alimwekea kiganjani, akatabasamu, akarudi kwa mkewe wakanong'ona. Mke alijifunika mdomo.

Waliingia langoni saa tisa. Njia za mbugani Darubini alizijua kwa mashimo yake, lakini wiki ile greda lilikuwa limepita, limesawazisha kila kitu. Njia zote zilikuwa laini kama meza. Kwa mara ya kwanza hakujua alipo, na hakutaka kuuliza. Alibaki na mfuniko peke yake.

Redioni madereva hawakuwataja wanyama kwa majina, wageni wasije wakatamani kabla ya kuona. Simba aliitwa mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba hajafungua mlango leo," sauti moja ilisema.

"Labda anaogopa wapangaji," ilijibu nyingine.

"Sisi tumekuja kwa ajili ya simba," mke wa daktari alisema. "Mashoga zangu wote wameshamwona. Tukirudi bila simba mimi nalalamika, nisikufiche."

Walizunguka saa nzima. Ndipo mfuniko ukalia: mara tatu. Kisha mpishi akakohoa.

Darubini alisimama taratibu, akazima injini. Upande wa kulia, kwenye ukungu wake, palikuwa na kitu kilicholala chini, rangi ya mchanga, kikubwa kiasi cha kutosha. Alinyoosha kidole.

"Polepole," alinong'ona. "Pale. Dume. Amelala."

Nyuma kulikuwa kimya. Darubini aliufurahia ukimya huo. Aliujua, ndio huja kabla ya mshangao.

"Mimi sioni vizuri," daktari alisema kwa upole. "Hebu tuelezee, wewe mwenye macho. Manyoya ya shingo yakoje?"

"Meusi, daktari. Huyu ni mkubwa wa eneo hili."

"Na uso?"

"Ana kovu puani. Ametuona, ila hana wasiwasi. Ameshiba."

"Masikio?"

"Moja limechanika."

Mke wa daktari alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akapiga kiti cha mbele kwa kiganja.

"Na ubavuni ameandikwa namba kumi na nne!" alisema. "Na mshale wa kwenda kambini!"

Lilikuwa rundo la mawe la njia panda, lililopakwa chokaa, na chokaa imeshika vumbi. Mwaka wake wa kwanza kazini Darubini alikuwa mmoja wa watu wanne waliolijenga.

Mpishi alichukua redio. "Namba tatu hapa. Darubini amepata jiwe."

Vicheko vilikuja kutoka magari yote. Mmoja aliuliza kama jiwe hilo ni dume au jike. Mwingine aliuliza kama lina watoto. Kisha ikaja sauti ya bosi kutoka kambini, alikotangulia kwa ndege, ya chini kama kawaida, na wengine wakanyamaza.

"Mfuniko, chukua ufunguo, kama tulivyoongea asubuhi."

Walishuka wote wawili kubadilishana viti. Walikutana mbele ya gari.

"Shemeji," Darubini alisema, "hata wewe?"

"Yule wa baiskeli hakuwa amelewa, shemeji."

"Ungeniambia tu."

"Miaka minne nimekuazima macho. Kila siku unawaambia watu sina kitu kichwani." Mpishi alinyoosha kiganja. "Lete."

Darubini alimpa ufunguo. Daktari alikuwa ameteremsha kioo.

"Ni mtoto wa jicho huyo," alisema. "Kazi ya nusu saa, na siku ya pili unaona. Mimi hutibu macho. Kwa wiki nawafanyia kama wewe kumi. Nilikujua tangu lile yai."

"Mbona hukusema, daktari?"

"Hukuuliza. Halafu niko likizo."

Mpishi aliendesha vizuri. Darubini alikaa kushoto, vyombo miguuni, mfuniko mapajani. Hawakufika mbali. Gari lilipunguza mwendo, likasimama, na nyuma mke wa daktari akavuta pumzi.

"Mwenye nyumba," mpishi alinong'ona. "Na mke wake. Na watoto watatu."

Darubini aligeuza uso kulia, akaugeuza kushoto. Majani yalikuwa ya njano, na njano ilikuwa kila mahali. Bila yeye kujua, ukucha wake uligonga mfuniko: moja, mbili, tatu.

"Acha kelele," mpishi alisema. "Utawafukuza."