Siku Swali Alipoelewa Vimeng'enya

Kipindi cha tatu cha Jumanne, baada ya mapumziko ya chai, mwalimu wa baiolojia aliingia Kidato cha Tatu A akiwa na makufuli manne na funguo zake ndani ya kopo la maziwa. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti kavu na chaki moja, na hiyo moja ilikuwa nusu. Akaandika ubaoni neno KIMENG'ENYA. Darasa zima likacheka, kama linavyocheka kila mwaka, maana neno lenyewe ukilitamka utadhani una mfupa mdomoni.

"Chekeni mmalize," alisema. "Likija kwenye mtihani mtalia."

Mada hiyo alikuwa ameifundisha miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeielewa. Walikuwa wakiikariri. Walikariri kama kasuku, wakajaza karatasi, wakafaulu, wakasahau, na kila mtu akaridhika, wazazi wakiwemo. Mwaka huu mwalimu aliona aibu, ndiyo maana akaja na makufuli. Akawaonyesha: kufuli hili lina ufunguo wake, wa lile hauingii hapa hata uusukume kwa nyundo. Kimeng'enya nacho, kitu cha mwilini kinachovunja chakula, kina umbo lake, na kwenye umbo hilo kuna tundu, na tundu hupokea kitu kimoja tu. Cha wanga hakigusi nyama, cha nyama hakigusi wanga. Kitu kikishaingia tunduni kinapasuliwa, vipande vinatoka, na kimeng'enya kinabaki vile vile kikisubiri kingine. Hakiishi. Hakichoki.

Dawati la mbele, upande wa dirishani, alikaa msichana waliyemwita Swali. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa na jina jingine, lakini hata walimu walishalisahau, kwa sababu tangu Kidato cha Kwanza hakuna kipindi kilichopita bila yeye kunyoosha mkono. Siku hiyo hakunyoosha. Alikuwa ameshika kipande cha mkate alichobakiza kwenye chai, anayatazama makufuli, na mwalimu akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze kazi: mtoto anaelewa, hivi hivi, mbele ya macho yake.

"Aaa," Swali alisema polepole. "Kumbe!"

Mkate ukaanza kuyeyuka mkononi mwake. Ukawa rojo, rojo likawa maji mazito, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mwenzake wa dawati moja akachovya kidole, akaonja.

"Sukari," alisema, akaendelea kunakili ubao.

Mwalimu alichukua kichupa cha iodini kabatini, akadondosha tone moja kwenye yale maji. Wanga ungekuwepo, tone lingegeuka bluu nzito ya kukaribia weusi. Halikugeuka. Lilibaki na ukahawia wake. Mwalimu akafunga kichupa, na kifuniko kikamshinda mara mbili. Na huyu si mwoga, jamani. Alishawahi kuua nyoka darasani kwa rula ya ubaoni, kisha akaendelea na kipindi.

Mkuu wa shule alipata habari kabla kengele haijalia. Mkuu alikuwa mtu wa mipango, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuuliza imekuwaje. Aliuliza ni kiasi gani kwa siku.

Kwa hiyo Swali akapelekwa jikoni. Asubuhi alizamisha mikono kwenye sufuria la uji uliopoa kidogo, na uji ukawa mtamu bila kijiko cha sukari. Mchana aliyapapasa masufuria, na ukoko wa tangu juzi ukaachia wenyewe. Mpishi wa shule, mzee mcheshi aliyezoea kugombana na ukoko huo kwa mchanga na matusi, alimsifu kwa kila aliyepita mlangoni. "Huyu binti ni baraka," alisema. "Sina hata neno la kulitukania sufuria." Vipindi Swali alivikosa, akawa anaazima daftari za wenzake jioni.

Wiki ya pili Mkuu alimwita mwalimu ofisini.

"Mwalimu, ukurasa unaofuata unasemaje?"

"Protini, Mkuu."

"Yaani nyama?"

"Nyama, maharage, mayai."

"Basi mfundishe na huo. Nyama tunayoletewa hapa ni ya ng'ombe aliyestaafu, kuni zinaisha bure."

"Mkuu," mwalimu alisema, "hata sisi ni nyama."

Mkuu akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hilo tumpe haki yake. "Tutamtafutia glavu," alisema.

Mwalimu hakumfundisha ukurasa huo. Aliuchana kwenye kitabu cha maabara, akaukunja, akaufungia kwenye mkoba wake, kisha akazunguka nao siku tatu akiwa roho juu. Lakini mtoto wa kuuliza humfungii njia. Swali aliazima kitabu kwa binti wa Kidato cha Nne, akausoma ukurasa huo akiwa amesimama kwenye foleni ya bomba, na kabla zamu yake ya maji haijafika alikuwa ameshaelewa.

Siku ya Alhamisi nyama ya shule nzima ililainika mtu akihesabu hadi ishirini. Wakati wa kufunga kazi, Swali alimpa mpishi kisu, vidole vikagusana. Ncha ya dole gumba la mpishi, pamoja na kucha, ililegea, ikadondoka kwenye sinia. Mpishi aliitazama. Akachana kipande cha aproni, akajifunga.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Ni la kushoto. Kazi yake kushikia kitunguu tu."

Swali alilia. Alilia mikono yake ameinyoosha mbele, mbali na mwili, na machozi yakamwagika mpaka kwenye kola, kwa sababu hakuthubutu kuyafuta.

Mwalimu alimkuta hivyo akampeleka maabara, akamketisha upande mmoja wa meza, na yeye akakaa upande wa pili. Alijiona alivyochagua upande wa pili, na aibu ikamla.

"Mwalimu, naogopa," Swali alisema. "Nikijikuna usingizini, je?"

"Unalalaje?"

"Mama ananivalisha soksi mikononi. Asubuhi ya leo zilikuwa na matundu, za sufu zile." Akaitazama mikono yake. "Mama anasema hanikwepi. Lakini akitoka kwenye cherehani anapita upande wa ukutani, pale penye nafasi ndogo."

Mwalimu naye aliogopa. Akalazimisha kichwa kifanye kazi. Barafu? Alimzamisha mikono kwenye beseni la maji ya barafu, wakasubiri. Kipande cha yai alichomwekea kiganjani kilikaa salama dakika kumi, kisha mikono ilipopata joto yai likaisha. Baridi hukilaza kimeng'enya, haikiondoi. Kinachokiondoa ni moto; kikipata joto kali umbo lake huvurugika, tundu linapinda, na hakirudi tena. Mwalimu alitazama jiko la spiriti lililokuwa mezani kati yao. Akalichukua, akalitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Kuna mambo hata kuyafikiria ni dhambi.

Akaenda kwa Mkuu, akaomba. Alisema mtihani uko wiki ijayo, alisema mtoto anamalizika, alisema mpishi ana dole nusu. Mkuu akafungua daftari la maandalio ya masomo, la mwalimu mwenyewe, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa umeandika kwa mwandiko wako. Hakiishi. Hakichoki. Hubaki vile vile baada ya kazi. Sasa tatizo ni lipi?"

"Hicho ni kimeng'enya, Mkuu. Yule ni mtoto wa watu."

"Ni mtoto wa watu anayefanya kazi ya kimeng'enya," Mkuu alisema kwa upole, akafunga daftari. "Na choo cha wavulana kimejaa. Jumatatu ataanzia huko."

Mwalimu alitoka. Alisimama kwenye ukumbi wa mbele, penye ubao wa matangazo, akaona mbele giza mchana kweupe. Kumtoa mtoto jikoni hawezi, kumgandisha haisaidii, kumchoma hathubutu. Kilichobaki ni kile alichokitia yeye mwenyewe kichwani mwa mtoto, na yeye mwenyewe angeweza kukitoa.

Kuna kosa moja ambalo wanafunzi wake waliliandika kila mwaka: kimeng'enya hufa kwa joto. Si wa kulaumiwa. Wamekulia kwenye nyumba ambamo saa hufa, redio hufa, taa hufa, hata pasi hufa, na hakuna anayeuliza kama pasi ilikuwa na uhai. Kila mwaka mwalimu alikata neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: hakina uhai, kitakufaje? Huharibika umbo. Alilikata neno hilo, kwa hesabu ya haraka, mara elfu mbili na kitu. Ijumaa, saa za masomo zilipokwisha, alimwita Swali maabara, akalichukua neno hilo hilo alitumie.

"Kaa, mwanangu. Nataka kukwambia kitu. Yale niliyowafundisha, nilikosea."

"Yapi, Mwalimu?"

"Vimeng'enya. Ni wadudu. Wadudu wadogo wadogo, wasioonekana."

Swali akakunja uso. "Wana meno?"

"Wana meno."

"Na tundu? Na umbo? Ulisema kila kimoja na chake."

"Nilisema ovyo. Makufuli yale yalikuwa mchezo tu, sikupaswa kuwaletea. Wadudu hawa wanakula chochote wanachokutana nacho."

"Wakila, wanashiba?"

"Wanashiba. Wanachoka. Wanakufa."

"Lakini Mwalimu, kama wanakula chochote, mbona hawatuli sisi tumboni?"

Lilikuwa swali zuri. Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuliuliza, na jibu lake lilikuwa tamu, la kumkalisha mtoto kama huyu hadi magharibi. Mwalimu alilimeza. "Wanatuogopa," alisema.

Msichana alimtazama usoni. Alimwamini mwalimu huyu kuliko kitabu, na sasa ilibidi achague kati ya mwalimu na akili yake mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kwao walimfundisha adabu.

"Kwa hiyo sikuelewa," alisema.

"Hukuelewa, mwanangu."

"Nilidhani nimeelewa."

"Hata mimi nilidhani."

Mwalimu akamwekea kipande cha mkate kiganjani. Wakasubiri. Mkate ulikaa. Akadondosha iodini, na tone likageuka bluu nzito, nyeusi kabisa, wanga mtupu. Ndipo mwalimu akazunguka meza, akaishika mikono ya Swali kwa mikono yake miwili, akaikaza. Ilikuwa mikono ya kawaida, ya baridi kidogo, yenye wino. Swali alijifuta macho kwa kiganja, mara ya kwanza tangu ausome ule ukurasa. Hakuuliza kitu tena.

Jumatatu alipelekwa chooni, akaonekana hafai, akarudishwa darasani. Jumatano akafanya mtihani. Kwenye swali la vimeng'enya aliandika kwa mwandiko safi kwamba ni wadudu wenye meno, hushiba, hufa. Mwalimu alisahihisha karatasi hiyo mwenyewe, na alipofika hapo alikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka chai yake ikapoa. Kisha akakata, kwa sababu jibu lilikuwa si sahihi.

Mama yake Swali alikuja na karatasi hiyo ndani ya mfuko wa vitambaa. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, pini bado ziko kwenye ukosi.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Lakini huyu alikuwa ananifundisha nikipika. Nilijua kwa nini mkate ukiutafuna sana unakuwa mtamu. Mimi nilielewa. Yeye amepotelea wapi?"

"Ni mada ngumu, mama."

"Nyumbani haulizi tena. Namsubiri aulize, haulizi." Akakunja karatasi. "Ananikumbatia, namshukuru Mungu. Lakini haulizi."

Mwalimu alitaka kumwambia. Midomo ilifunguka kabisa. Dirishani alimwona Mkuu anavuka uwanja, na midomo ikafungika.

Mkuu hakukasirika. Alisema mambo hutokea. Alisema pia kwamba Kidato cha Tatu B bado hawajafundishwa mada hiyo, kwamba wafundishwe vile vile walivyofundishwa A, na kwamba safari hii yeye mwenyewe atakaa nyuma ya darasa, ajionee.

Akakaa, kwenye kiti alicholetewa kutoka ofisini, daftari pajani. Hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anatazama nyuso, moja baada ya nyingine, safu hadi safu. Wanafunzi arobaini na watatu walifungua daftari, wengine mikate yao ya chai bado iko juu ya dawati. Mwalimu alishika chaki.

"Andikeni," alisema. "Vimeng'enya ni wadudu wadogo. Nukta. Hula kila kitu. Nukta. Hufa kwa joto. Nukta."

Kalamu zikakwaruza. Mkuu, ambaye alisomea jiografia na masikio yake hayakuwa kwenye somo, alitikisa kichwa kuafiki. Darasa lilikuwa limetulia, na kwa muda mwalimu akaweza kupumua.

Safu ya tatu mvulana mmoja alisita. Akausoma mstari wake tena, midomo inacheza. Akainua kichwa taratibu, na uso wake ukaanza kunyooka kwa namna ambayo mwalimu aliitambua mara moja.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Kama hufa kwa joto, kwani kabla ya hapo viko hai?"

Nyuma ya darasa, kiti kililia. Mkuu alikuwa ameegemea mbele.

"Andika," mwalimu alisema.

"Nauliza tu, Mwalimu, kwa sababu kitu kama hakina..."

"Nimesema andika!"

Mvulana aliinama, akaandika, akapigia mstari kwa rula.