Mchele wa Kinu

Siku ya kupima watoto, sindano ya mizani ilisimama palepale iliposimama mara iliyopita. Michel, muuguzi wa dispanseri ya kambi ya machimbo, aligonga kioo kwa kidole kana kwamba sindano imesinzia. Haikuamka.

“Mama, huyu mutoto hapandi,” akasema. Hakusema kwa ubaya, ila alikuwa na ile sauti yake ya kuita watu kwenye foleni, na foleni nzima ilisikia. “Unamunyonyesha?”

“Ninamnyonyesha.”

“Na maziwa inatoka?”

Nikamchukua Safi kutoka kwenye mizani, nikamfunika. Nyuma yangu wake wa wachimbaji wa dhahabu walikuwa wamepakata watoto wao, watoto wa mikunjo minene mapajani, wanaorusha mateke. Wangu alinitazama kimya, na shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga.

Dispanseri ilikuwa juu ya kilima, si kilima kirefu. Wakati wa kushuka nilikaa chini kwenye jiwe ili miguu ipumzike. Ilikuwa mizito kama nguo iliyoloa. Mimi, Emilienne, ambaye nyumbani Kasongo nilikuwa napanda kutoka mtoni na mtungi kichwani huku nikibishana na dada zangu, sasa nilikuwa napumzika katikati ya mteremko kama bibi kizee.

Mume wangu Hippolyte alikuwa karani wa magazini, yaani ghala, ya kampani, hapo kambini upande wa Salamabila. Jioni alisoma kile kikaratasi cha Michel, akakikunja, akala kidogo, kisha akasema bila kuniangalia:

“Julienne ana maziwa mengi.”

Julienne ni dada yake, anayekaa Kabambare. Alikuwa amejifungua karibu na wakati niliojifungua mimi.

“Tumpe Safi mpaka apate nguvu,” akaendelea. “Kama siku ya kupima inayokuja hajapanda, lori, kamio ya kampani, itampeleka.”

“Na mimi, Baba Safi?”

“Wewe utapumzika. Jitazame namna umechoka.”

Nilikuwa nimepumzika tangu nifike pale. Hilo ndilo sikujua namna ya kumwambia.

Nisimseme vibaya. Hippolyte alinipenda, na mapenzi yake yalikuwa ya kuniondolea kazi. Alinileta kwenye nyumba ya matofali katika safu ya makarani, nyumba yenye pazia dirishani na saruji chini. Kuni na maji vililetwa na mtu wa kampani. Wachimbaji walipewa mpunga wenye maganda wakatwange wenyewe. Makarani walipewa mchele wa mashine, mweupe kama chaki, usiohitaji hata kupepetwa. Hippolyte alileta pia sardini za kopo, biskuti na sukari. Nilipozaa, akaongeza sukari. Maziwa yalipopungua, akaniambia nile zaidi wali mweupe, maana ndicho chakula cha wenye nguvu, si unawaona Wazungu? Mimi nami niliamini. Nilikuwa nakula mpaka nashindwa kumaliza, na maziwa yanazidi kukauka.

Sombe, majani ya muhogo, Hippolyte alikuwa ameikataa. “Majani ni chakula ya kijijini,” alisema akicheka, yeye ambaye mama yake alimkuza kwa sombe na mawese. Kinu pia alikikataa. Alikuwa akiwangoja watu wa serikali, wale waliokuwa wanazunguka kwenye nyumba za makarani walioomba kadi ya watu walioendelea, ya Waafrika wanaoishi kama Wazungu. Wangetazama vitanda, meza, uma, hata jikoni. “Wakute kinu barazani watasema nini? Muke wa karani hatwangi.”

Basi kila asubuhi king’ora kililia, yeye akafunga tai akaenda, na tangu hapo hakuna aliyeniita jina mpaka jioni. Ng’ambo ya njia kulikuwa na Clémentine, mke wa karani mwenzake, naye nyuma ya pazia lake. Tulisalimiana kwa vidole. Nilimkalisha Safi kwenye mapaja, nikamwimbia, nikachoka kuimba. Nilianza kulia bila sababu. Siku moja nililia kwa kuwa birika limechemka. Lilikuwa linapiga kelele na hakukuwa na mgeni wa kumpa chai.

Asubuhi iliyofuata ile ya mizani, Hippolyte alipokwisha kwenda, nilikaa nikisikiliza. Ng’ambo ya kijito, kwenye safu ya wachimbaji, walikuwa wanatwanga. Nilikuwa naisikia sauti ile kila siku. Siku hiyo nilimfunga Safi mgongoni nikaifuata.

Walikuwa wanawake watatu kwenye kinu kimoja, wanazungumza Kibangubangu. Lugha yangu ni Kizimba, sikuelewa hata neno. Waliponiona wakanyamaza, kisha wakahamia Kiswahili, na mmoja akawaambia wenzake:

“Madamu amepotea njia. Biro ya makarani iko ule upande!”

“Sikupotea,” nikasema. “Nimekuja kutwanga.”

Wakacheka. Mmoja aliegemea mchi asianguke.

“Utatwanga na mikono gani? Hii ya kushikia uma?”

“Mupe glavu, kwanza!”

“Nipeni mchi,” nikasema. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Yule mkubwa wao, Mama Atumani, mwanamke Mwislamu mwenye kilemba cheupe, alikuwa kwenye foleni ya dispanseri siku iliyotangulia. Alikuwa amesikia kila kitu. Akazunguka nyuma yangu, akamtazama Safi.

“Mutoto umushushe?”

“Abaki.”

“Basi kaza nguo. Naye atwange.”

Nilitwanga vibaya. Mchi wangu ulipiga ukingo wa kinu, mpunga ukaruka, kuku wakafurahi. Wao walikuwa wanapokezana, huyu akiinua mwingine anashusha, na mimi niliingia kati kama mtu anayekatiza maneno ya watu. Pumzi ikaniishia upesi. Nilikaa chini jasho likinitoka, moyo unapiga, mikono inawaka. Nikajiambia, kesho sirudi.

Walipomaliza walipepeta. Mchele ulibaki na wekundu wake, hawakuutwanga mpaka uwe mweupe. Kisha zile chenga na ule unga mwekundu uliobaki kwenye ungo, Mama Atumani alivichota akavichemsha uji na karanga zilizopondwa, kabla ya chakula kingine chochote. Ni desturi yao: chungu cha kwanza cha mpunga mpya uliotwangwa ni cha wanaonyonyesha. Wanaume na watoto wanangoja.

“Kwa nini?” nikauliza.

“Nitajua wapi? Nilimukuta mama anakula, nikakula. Kunywa, usiache ipoe.”

Uji ule ulikuwa mzito, na ulikwaruza koo kidogo. Niliunywa wote. Nilikuwa nimesahau njaa ni kitu gani, na namna inavyopendeza ikikutana na chakula.

Kesho yake nikarudi, na mikono imejaa malengelenge. Mmoja akasema, “Ee, uma imerudi!” lakini alinisogezea nafasi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi nilivuka kijito, nikatwanga mpunga au sombe, nikanywa uji, nikala kidogo cha kile walichokuwa nacho: majani, maharagwe, samaki mdogo wa kijitoni. Kisha nikarudi kabla Hippolyte hajaja kula mchana. Wali wake mweupe nilimpikia kama kawaida. Mimi niliuonja tu.

Nisidanganye kwamba nilipata marafiki. Walipochoka kunihurumia kwa Kiswahili walirudi kwenye lugha yao, wakacheka kwa sauti, na mimi nilikuwa natwanga huku nikitabasamu kwa jambo nisilolijua. Walikuwa na ndugu zao, mizaha yao, vifo vyao vya zamani. Nilikuwa mpweke pale pia. Lakini ule upweke ulikuwa na mdundo, na nilirudi nyumbani nimechoka mwili badala ya kuchoka kichwa. Nililala usingizi kama wa mtu aliyelima. Miguu ilianza kuwa yangu tena. Ikafika siku birika likachemka, nikaona ni birika tu, nikaliepua.

Na asubuhi moja niliamka blauzi imeloa kifuani. Nilikaa kitandani nikiigusa. Sikumwambia Hippolyte, maana angeniuliza imekuwaje.

Alikuja kusikia kwingine. Jioni moja aliingia bila kunisalimia, akanishika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Hii nini?”

“Ni mikono.”

“Usinichezee. Placide amenichekea mbele ya biro nzima.” Placide ndiye aliyeendesha kamio ya kampani. “Ananiambia, karani, mchele wenu wa mashine umekwisha? Nimemuona madamu ng’ambo na mchi! Watu wakapiga makofi. Umenivua nguo, Mama Safi.”

“Maziwa yamerudi, Baba Safi.”

“Maziwa!” Alikuwa karibu kulia, nikaona. “Unajiua na kazi, halafu unasema maziwa! Nguvu ile ile ndiyo ilipaswa kuwa maziwa ya mutoto. Unamwaga chini kwenye kinu cha watu.”

“Mtazame basi.”

“Namtazama. Na kamio inakwenda Kabambare kesho asubuhi. Mke wa katekista anasafiri nayo, atampakata mpaka kwa Julienne.”

“Siku ya kupima haijafika.”

“Nimekwisha kusema.”

Asubuhi kamio ilikuwa inanguruma mbele ya magazini. Régina, mke wa katekista, alikuwa amekaa mbele karibu na Placide, mama mwenye huruma, ameshatandika kitambaa mapajani. Hippolyte alibeba kifurushi cha nguo za Safi. Mimi nilimbeba Safi.

Régina akanyoosha mikono. “Mlete, mwanangu. Usiogope, tutafika salama.”

Mikono ile ilikuwa karibu nami kabisa. Safi alikuwa ananusa shingo yangu, anatafuta ziwa. Nikageuka. Nikaanza kupanda kilima cha dispanseri.

“Mama Safi!” Hippolyte akaita. Kisha, akasahau adabu mbele ya watu: “Emilienne! Simama!”

Sikusimama. Nilisikia viatu vyake nyuma yangu kwenye changarawe, na kifurushi kinampiga paja. Lile jiwe nililokalia siku ile nilipita bila kulitazama. Nilipofika mlangoni nilikuwa nahema, lakini nimesimama. Yeye alifika baadaye, tai imehamia begani, na hakuweza kusema.

Michel alikuwa anafungua dirisha. “Leo si siku ya watoto.”

“Mpime,” nikasema.

“Mama, kuna siku ya...”

“Mpime, kaka. Kamio inangoja.”

Alimtazama Hippolyte. Hippolyte alikuwa bado anatafuta pumzi, akafanya ishara kwa mkono, sijui ilikuwa ya kukataa au ya kukubali. Michel akaichukua kuwa ya kukubali. Akamlaza Safi kwenye mizani, na Safi, aliyezoea kulala pale kimya, akakunja uso akalia kwa hasira.

Sindano ilipita alama ya zamani. Ikatetemeka, ikarudi kidogo, nikafumba macho. Nilipoyafumbua ilikuwa imesimama juu ya alama, si mbali, ila juu.

Michel akagonga kioo. Sindano haikushuka.

“Amepanda,” akasema. “Si sana. Lakini amepanda.”

“Gonga tena,” Hippolyte akasema.

Michel akagonga tena. Hippolyte akainama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Huko chini Placide alikuwa anapiga honi. Hippolyte akaweka kifurushi sakafuni, akaingiza mikono chini ya mgongo wa Safi, akamwinua taratibu, na mtoto akampiga teke kwenye tai. Akatoka naye mpaka ukingo wa kilima. Nikaona anainua mkono mmoja, anampungia Placide: nenda. Nenda tu.

Tulishuka, yeye na mtoto, mimi na kifurushi. Nyumbani alinirudishia mtoto, akaketi.

“Kwa wachimbaji usirudi,” akasema.

“Baba Safi...”

“Sijamaliza. Nitatafuta kinu. Kitakaa nyuma ya nyumba. Mbele, hapana. Na mpunga nitauleta mimi.”

Nilitaka vyote viwili: mtoto, na wale wanawake wasiojua hata nyumbani kwetu panaitwaje. Nilikuwa na mtoto mikononi. Nikasema ndiyo.

Kinu kikaletwa, kikawekwa nyuma, kikitazamana na ukuta wa ghala. Wanawake wa ng’ambo hawakuweza kuja kwenye safu ya makarani, mlinzi angewafukuza. Kutwanga peke yako ni kazi nyingine kabisa. Unashusha mchi, na pale ambapo mwenzako angeshusha wake hakuna kitu, unasikia pumzi yako mwenyewe. Lakini nilitwanga. Safi alitikisika mgongoni mpaka akapata kwikwi, kisha akalala.

Siku ya kwanza Hippolyte alirudi mchana akafunua chungu kidogo kilichokuwa pembeni ya moto.

“Huu ni wa nani?”

“Wa wanaonyonyesha.”

Aliinama akanusa, harufu ya karanga ikampanda usoni. Akakifunika tena, taratibu, akaingia ndani kula wali wake mweupe.

Nilinywa uji wangu nimekaa juu ya kinu, peke yangu. Ng’ambo ya kijito walikuwa wanacheka kwa Kibangubangu, na neno moja au mawili sasa niliyafahamu. Safi akaamka akilia, kilio kikubwa cha mtu mwenye haki yake. Nikamweka kifuani. Alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, mdomo wazi, maziwa yakimtiririka shavuni, na ziwa la pili lilikuwa bado limejaa.